Fisi Mzika Vyungu Siku ya Kupatwa kwa Jua

— Hadithi ipo?
— Ipo, ilete.
— Na anayesinzia?
— Ahamie nje.

Hapo kale, mwaka wa njaa, adhuhuri moja jua likaanza kumegwa. Fisi akapita kila mlango akitangaza: "Jua linapatwa. Chakula kilichopikwa ni sumu, maji yaliyotekwa ni sumu. Nileteeni pangoni nizike."

Waoga hawaulizi. Digidigi akaleta mihogo.

"Weka hapo, mwanangu, nitazika."

Kanga akaleta mtama.

"Weka hapo, mwanangu, nitazika."

Nyani akaleta mtungi wa maji.

"Weka hapo, mwanangu, nitazika."

Pimbi alikuwa na chungu kimoja cha kunde, cha mwisho, na watoto watatu wasiokula tangu jana. Akawaza: kufa kwa sumu, kufa kwa njaa, kaburi ni lile lile. Wacha nijaribu mimi kwanza. Akala kijiko kimoja. Akanywa maji, gu gu gu. Akangoja. Akajipapasa tumbo: lipo. Akajipapasa masikio: yapo. Akajipapasa mkia: haupo. Akashtuka, kisha akakumbuka hajawahi kuwa nao.

"Kuleni, wanangu," akanong'ona.

Wakala nusu. Nusu iliyobaki akaitia pilipili kichaa, konzi mbili, akampelekea Fisi.

"Weka hapo, mwanangu, nitazika."

Giza likaingia, tii. Wanyama wakajikunyata nje ya pango. Ndani wakasikia: chakwe, chakwe, chakwe.

"Mzee, mbona kuzika kwako kuna kutafuna?" Digidigi akauliza.

Fisi akatoka mbio, mtungi wa Nyani ameshaukausha, ulimi nje, machozi tiriri. "Nakufa, jamani. Kumbe kweli ni sumu. Maji, Pimbi, mwanangu, maji."

"Maji nayo yameharibika, mzee. Umetwambia mwenyewe."

"Nilidanganya. Maji ni mazima, chakula ni kizima. Nipe."

"Mmemsikia?" Pimbi akawauliza wenzake.

Walimsikia. Wakaingia pangoni, kila mmoja akachukua chombo chake, na jua lilipotoka likawakuta wanakula. Fisi alilala chini akihema, hata ungemwonea huruma. Kobe alimwonea. Akaondoka kwenda kumtekea maji mtoni, Kobe huyo huyo mnayemjua. Akarudi kesho yake.

Hapo ndipo hadithi ilipolala. Anayetaka kuiamsha aje na kuni zake.

Funzo? Wahenga hawakukosea, wajukuu zangu. Jua likipatwa, chakula ni sumu. Hasa cha mwenzio.