Ndoo Bila Mwenyewe

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzee Gaspar wa Keko alikuwa ametengeneza vitanda kwa miaka ishirini na sita, lakini methali hii haihusu useremala. Inamwonya mtu anayepangia wenzake maisha ambayo yeye hajawahi kuyaishi.

Mwaka ule wa Korona, shule zilipofunguliwa tena, mtaa uliunda kamati ya kujikinga: wanaume watano, Mzee Gaspar akiwa mwenyekiti. Walikutana karakanani kwake, wakanywa kahawa, wakatoa amri. Kioski cha maji kingefunguliwa saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi tu. Tena, ile desturi ya kupanga ndoo kwenye foleni na kwenda zako ilipigwa marufuku, kwa kuwa eti ndoo zisizo na watu huleta ugomvi. Bango likapigiliwa ukutani: HAKUNA NDOO BILA MWENYEWE.

Amri hiyo ilimwangukia Huda, binti wa darasa la saba. Zamani aliacha ndoo zake alfajiri akaenda shule, na zamu ikifika mama yake, Bahiya, alichomoka dakika tano kuzijaza. Sasa ilibidi mtu asimame saa mbili nzima, na Bahiya alikuwa akimuuguza mama mkwe ambaye hakuweza hata kugeuka kitandani. Basi akasimama Huda.

Jumatano Mwalimu Lusungu alifika dukani kwa Nasser, baba yake Huda.

"Wiki hii Huda hajaingia kipindi cha hesabu cha asubuhi hata kimoja, na mtihani wa taifa uko mlangoni. Wachelewaji wangu ni kumi na mmoja. Wote wasichana."

Nasser alishusha pumzi. "Basi abaki nyumbani amsaidie mama yake. Nusu shule si shule."

"Mwanangu haachi shule kwa sababu ya ndoo," alisema Bahiya, aliyetokea chumba cha nyuma ya duka. "Au ukasimame wewe?"

Nasser akajifanya anapanga sabuni.

"Nipe mpaka Ijumaa," Bahiya alimwambia. "Na sasa hivi kakae na mama yako, mie natoka."

Alikwenda moja kwa moja karakanani.

"Shikamoo, Mzee Gaspar."

"Marahaba, Mama Huda. Unataka kitanda?"

"Nataka foleni ya ndoo irudi."

Badru, fundi rangi na mjumbe wa kamati, alicheka. "Amri ni ya wote, mama. Haikutaja wanawake."

"Nionyeshe mwanamume mmoja pale kwenye foleni. Ndoo haikohoi, Badru. Wanaokohoa ni hao mliowasimamisha."

"Sie tunaulinda mtaa," Mzee Gaspar alisema.

"Basi kesho njoo usimame na ndoo yako. Ukifika bombani bila kutoka kwenye foleni, nitanyamaza."

Mafundi walikuwa wameacha kupiga randa, wanasikiliza. Angekataaje? "Nitakuja. Kwani kusimama nako ni kazi?"

Alhamisi alifika saa kumi na mbili kamili na ndoo ya bluu. Alikuta watu thelathini mbele yake. Huda alikuwa nyuma yake, daftari mkononi. Jua lilipoanza kuchoma, wanawake walijibana chini ya kipaa cha kioski, bega kwa bega kama dagaa juani. Mzee Gaspar naye akajibana.

Saa moja na nusu simu yake ililia. Mteja alikuwa amefika na gari kuchukua kitanda.

"Huda, mjukuu wangu, niangalizie ndoo. Narudi sasa hivi."

Foleni nzima iliangua kicheko.

"Hakuna ndoo bila mwenyewe, mwenyekiti!" alipiga kelele Zubeda, muuza mihogo. "Au bango lako hujalisoma?"

"Jamani, mteja wangu ataondoka!"

"Na kipindi changu kimeshaanza, babu," Huda alisema taratibu.

Kicheko kilikatika. Mzee Gaspar alilitazama daftari la mtoto, kisha akatazama mabega yaliyobanana.

"Kila siku hivi?"

"Kila siku."

Alitoa nyundo kwenye koti lake la kazi, akang'oa misumari ya bango mmoja baada ya mwingine. "Pangeni ndoo. Nendeni. Huda, kimbia!"

Huda alitimua mbio kama mshale.

Bahiya hakuridhika. Jioni alirudi karakanani pamoja na Zubeda. "Umeng'oa bango, lakini kamati ni ile ile. Kesho mtafunga njia ya zahanati siku ya kliniki ya wajawazito, wala hamtajua. Mie na Zubeda tunaingia."

Badru alifungua kinywa. Mzee Gaspar akamnyamazisha kwa mkono, akavuta benchi. "Kaeni."

Kabla usiku haujaingia, kamati ya watu saba ilikubaliana: kioski kifunguliwe jioni pia, ndoo zipangwe kwa umbali wa hatua moja moja, na Zubeda asimamie zamu. Badru alipewa kazi ya kuchora alama chini kwa rangi yake.

Ijumaa Nasser alimsubiri bintiye mlangoni pa duka. Huda aliweka daftari la hesabu mezani: mbili zilizokosewa, nane zilizopatikana, na chini maandishi ya Mwalimu Lusungu: Amewahi.

Nasser alisoma neno hilo mara mbili. Kisha akachukua ndoo tupu iliyokuwa nyuma ya mlango. "Endelea kusoma," alisema. "Ya jioni nitapanga mimi."

Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.