Alhamisi Sita za Namkunda

Mjane mmoja alikuwa na neno moja kifuani, na nyumba iliyojaa watu wa kumzuia asiliseme.

Aliitwa Namkunda. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba yao, huko milimani Upareni, na ukoo wa mume ukatandika mikeka sebuleni kama ilivyo desturi. Matanga yakaanuliwa. Mikeka haikukunjwa. Shemeji yake mkubwa, Mbonea, alisema mfiwa haachwi peke yake, na miezi miwili ikapita bila Namkunda kwenda hata bombani pasipo wifi mmoja nyuma yake.

Neno lenyewe lilikuwa hili: mumewe aliumwa kwa siri mwaka mzima, na Mbonea na ndugu zake walijua. Namkunda, aliyelala naye kitanda kimoja, aliambiwa siku ya kuchagua jeneza. Tangu hapo usingizi ulimkimbia. Alikuwa akishika mwiko na kusahau anapika nini.

Binti yake aliyekuwa akifanya kazi Mwanza akamtafutia mshauri, mwanamke mwenye sauti ya taratibu ambaye husikiliza watu kwa simu, wakionana kwenye kioo. Walipangiwa Alhamisi sita, saa nne asubuhi, kwa muda wa saa moja.

Alhamisi ya kwanza Namkunda aliegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai, akakaa. Ukoo nao ukakaa. Waliona mgeni amekuja kutoa pole, basi wakampokea kama mgeni wa msibani. Mbonea akafungua kwa sala ndefu. Mawifi wakaimba pambio. Kisha kila mmoja akasogea kwenye kioo kumsalimu mshauri na kumuuliza kwao ni wapi na ni mtoto wa nani. Makande yakapakuliwa. Saa ikaisha.

Alhamisi ya pili mshauri aliuliza, "Mama Namkunda, uko peke yako hapo?"

"Hapana, mwanangu, usiwe na wasiwasi," Mbonea akajibu. "Hatujamwacha hata dakika moja."

"Nilikuwa naomba niongee naye yeye mwenyewe."

"Ongea tu. Tunakusikia vizuri."

Alipoulizwa kama analala, wifi yake Nakijwa alijibu kwamba analala fofofo. Alipoulizwa kama anakula, mwingine akasema, "Huyu? Jana kakomba sufuria." Wakacheka, tena kwa upendo. Alipoulizwa ni kitu gani kinamuumiza zaidi, Mbonea aliinamisha macho, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Namkunda alimtazama hadi kioo kikazimika.

Wala hawakuwa watu wabaya. Walimchotea maji, walimkatia majani ya ng'ombe. Walimpa kila kitu isipokuwa nafasi ya kufungua mdomo, kwa sababu kilichokuwa mdomoni mwake kiliwahusu wao. Kila Alhamisi alimeza, na kila alichomeza kilimuunguza. Zikapita tano.

Alhamisi ya sita, Mbonea aliposimama kwa ajili ya sala, Namkunda naye akasimama, akachukua simu. Nakijwa akainuka kumfuata. Namkunda akageuka pale mlangoni. Hakupaza sauti.

"Shemeji, aliyekufa ni kaka yenu. Mimi mnanizika kwa nini?"

Akaingia kwenye banda la ng'ombe, akajifungia, akakaa juu ya ndoo aliyoipindua. Mshauri alimuuliza tena kama yuko peke yake. Akasema ndiyo, na neno likatoka. "Walijua," alisema. "Walijua wote, na walikuwa wakija kunywa chai yangu." Alilisema mara ya pili na ya tatu, akipiga ngumi kwenye ubao wa banda, na mshauri hakumnyamazisha. Saa nzima ilikwenda kwa neno hilo moja.

Sebuleni walisikia kila kitu. Hakuna aliyeimba. Mbonea alikunja mkeka wake, akaenda zake, na hadi leo anawaambia watu kwamba mjane wa kaka yake hana shukrani. Namkunda hajamwomba radhi. Siku hizi analala.

Nanyi mnaokesha na mfiwa, msiomwacha hata dakika moja, nijibuni: mnamlinda na huzuni yake, au mnajilinda na neno lake?