Magunia ya Banda la Tangawizi

Gunia haligawi hewa. Jana mlimsikia baba yenu akimwambia hivyo jirani anayechoma takataka mpakani, mkacheka mkidhani ni utani. Nitawaeleza maneno hayo yalivyozaliwa, maana nilikuwepo, na mikono yangu imo.

Mwaka wa ule ugonjwa wa mapafu, hapa Ngofi tulikuwa na banda moja la kuoshea na kupanga tangawizi. Masika tulishusha maturubai pande zote ili mvua isitupige, tukakaa humo watu thelathini, bega kwa bega. Msimamizi wetu alikuwa Elinami Mrutu. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Mwaka wa njaa ndiye aliyefungua ghala lake watu wakala.

Meza moja naye alifanya kazi Namsifu, mjane mwenye pumu, mama wa binti mmoja, Niendiwe, aliyekuwa akisomea ualimu.

Siku moja muuguzi wa zahanati alituletea barakoa, mbili kwa kila mtu. Akasema tuzivae tukiwa humo ndani, akaenda zake. Alipotoka tu, ugomvi ukaanza.

"Kaka Elinami," Namsifu akasema, "nakuomba tuvae sote. Kifua changu unakijua."

Elinami akaweka kisu chini. "Dada, kifua chako nakionea huruma. Lakini anayeogopa na avae. Nani amekukataza?"

"Yangu inakukinga wewe. Yako ndiyo ingenikinga mimi."

"Kwa hiyo nifungwe mdomo kama ndama anayeachishwa ziwa?"

Watu wakacheka. Namsifu hakucheka. Mmoja akapiga kelele kwamba wanaovaa watawatisha wanunuzi. Mwingine akaivua barakoa yake, akaikanyaga matopeni. Ndugu wawili wa tumbo moja waliacha kula pamoja kwa sababu ya kile kitambaa. Siku tatu hatukufanya kazi, na tangawizi ikaanza kuoza kwenye malundo.

Siku ya nne Elinami akaja na shauri. Tupange magunia katikati ya banda. Wanaovaa wakae kushoto, wasiovaa kulia, asiwepo wa kumsumbua mwenzake. Sote tulilifurahia, hata waliovaa, maana tulichoka kugombana. Mimi ndiye niliyebeba gunia la kwanza. Tuliyapanga hadi yakafika kifuani, tukarudi kazini. Nilikaa kulia. Huko ndiko kulikokuwa na kicheko.

Namsifu alisimama kidogo akiutazama ule ukuta, kisha akatazama juu, kwenye bati. Akaenda kuketi kushoto. Alikuwa na ada ya chuo ya kutafuta, angekwenda wapi?

Juma lililofuata Elinami alikwenda mjini kumzika shemeji yake, akarudi anakohoa. "Vumbi la safari," alisema. Nani angemwambia arudi nyumbani? Alikaa upande wake siku tano, akikohoa, na mvua inanyesha, na maturubai yameshushwa.

Ilipofika Jumapili tulikuwa tumelala wagonjwa watu kumi na mmoja, sita wa kulia, watano wa kushoto. Mzee Kiure, aliyekuwa akipima mizigo, alikufa kwanza. Namsifu alipigania pumzi siku nne. Binti yake alimkalisha kitandani, akamwegemeza kifuani pake, kwa sababu akilala chali hakupata hewa kabisa. Gari lililoleta mtungi wa oksijeni lilipishana na jeneza njiani. Tulimzika watu wanane tu, tumesimama mbalimbali, wala hapakuwa na wa kumshika Niendiwe mkono.

Elinami alipona. Mimi pia nilipona.

Baada ya mwezi tulirudi bandani wale tuliobaki. Magunia yalikuwa bado pale pale. Niendiwe akaja kuchukua kisu na kigoda cha mama yake. Elinami akasimama, amekonda, shati linamning'inia. Sote tukaacha kazi.

"Pole, mwanangu," akasema.

"Nimeshapoa, baba."

Angenyamaza ingekuwa afadhali. Lakini moyo ulimsumbua, akaendelea: "Mungu ni shahidi yangu, sikumkosea mama yako. Nilikaa upande wangu. Sikuvuka magunia yale hata siku moja."

Niendiwe alimgeukia. Tulidhani atalia, au atamtukana. Alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto:

"Ni kweli hukuvuka, baba. Lakini gunia haligawi hewa."

Akabeba kigoda chake, akaondoka. Elinami aliketi chini pale pale, kwenye maji ya kuoshea, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Mimi nilijitazama mikono.

Elinami aliishi miaka sita zaidi. Ugonjwa ulikwisha, barakoa zikasahaulika, lakini yeye kila aliposemeshwa alirudi nyuma hatua mbili na kufunika mdomo kwa kiganja. Wageni walidhani ana jino bovu. Sisi tulijua. Na tangu siku ile, hapa kwetu, mtu akisema hili ni langu, nafanya nipendavyo, wewe kaa kwako, hatubishani naye sana. Tunamwambia tu: gunia haligawi hewa.