Zamu ya Mwisho Ndivani

Mtu anapomtukana mkunga, aghalabu siku hiyo hakuna mjamzito nyumbani kwake. Hapo ndipo lilipo kosa lake. Wazee waliotuachia methali hawakusema kwamba wakunga wana maneno matamu, wala kwamba hawakosei. Walisema tu kwamba uzazi haujaisha duniani, na kwamba mwenye kutukana leo anaweza kesho kubisha mlango uleule. Eliufoo wa Myamba aliijua methali hii tangu shuleni. Aliwahi hata kuiandikia insha na akapata alama nzuri.

Myamba iko juu, katika milima ya Upare Kusini, na watu wake wengi wanaishi kwa tangawizi. Tangawizi haina subira na kiu. Maji ya kiangazi hutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo na mawe lililojengwa na mababu. Kijito hulijaza usiku kucha, asubuhi mlango wake hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji mpaka kwenye shamba la mwenye zamu. Ndiva haina fundi wa kuajiriwa. Ikijaa tope, baragumu hulia jioni, na kesho yake kila kaya iliyoandikwa hutoa mtu wa kwenda kuizibua. Kazi hiyo ya pamoja Wapare huiita msaragambo. Anayefika hupata zamu ya maji, asiyefika hutozwa faini. Sheria ni fupi, labda ndiyo maana imedumu.

Mwenyekiti wa ndiva alikuwa Koleta, mjane wa kaka yake Eliufoo, mwanamke asiyependa maneno mengi. Zamu zote aliziandika katika daftari la shule, na hakuna aliyewahi kumkuta amepindisha hata moja.

Mwaka huo kampuni ya kutafuta gesi ilisimamisha mtambo wake pembezoni mwa mji wa Same, hatua chache kutoka nyumba za mwisho. Mji ukachangamka kama chungu cha makande kilichoongezewa kuni. Chumba cha elfu thelathini kilipanda mpaka laki moja. Mama ntilie walinunua masufuria ya ukubwa wa harusi. Zaituni, aliyeuza mchicha sokoni kwa miaka kumi, aling'oa bustani yake yote na kujenga vyumba vya kupangisha. Gesi yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona, lakini watu walikwisha kuanza kuila.

Eliufoo alishuka Same akapata kazi ya kupanga mabomba ya kuchimbia. Alipewa buti, kofia ngumu ya njano, na mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo shamba halikuwahi kumfanyia. Ni haki isemwe kwamba fedha hazikumpeleka kilabuni. Aliezeka nyumba kwa mabati, akamlipia ada binti yake Shukrani, na kilichobaki akakodi shamba la pili lililopakana na lake, akalipanda tangawizi kuanzia juu hadi chini. Kilicholewa ni ulimi wake tu.

Jumamosi moja alipanda Myamba kusalimia, kofia kichwani, akawakuta watu wa msaragambo wamezama kwenye tope hadi magotini. Koleta alimweleza kwamba kaya yake imekosa mara tatu. Ilikuwa kweli, kwa sababu Eliufoo alikuwa amemkataza mkewe, Dorkasi, kwenda huko, akidai kwamba mke wa mtu wa kampuni hachoti tope. Koleta akamwomba alipe faini au ashike jembe. Eliufoo alicheka mbele ya watu wote.

"Shemeji, sisi kule tunatoboa ardhi kilomita mbili kwenda chini," alisema. "Ninyi bado mnakwaruza tope kama kuku. Nifute kwenye daftari lako. Nitanunua pampu na bomba langu mwenyewe, na hii ndiva yenu mtafugia vyura."

Wapo waliocheka pamoja naye, maana maneno yalikuwa na utamu wake. Koleta hakucheka wala hakununa. Alinawa mikono, akafungua daftari, akamuuliza mara mbili kama ana hakika. Eliufoo alipojibu kwamba anayo, Koleta alipiga mstari juu ya jina lake. Dorkasi alipopata habari kwa jirani alikaa jikoni akalia, kwa kuwa aliijua desturi. Aliyekosa kazi hulipa faini akaendelea na zamu yake, lakini aliyejitoa mwenyewe huhesabiwa mgeni. Akirudi huandikwa mkiani, baada ya kaya zote.

Mtambo ulifanya kazi miezi kumi. Kisha meneja aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza kwa adabu kwamba gesi ipo, ila ni kidogo na haitalipa gharama za kuichimba. Kisima kikazibwa kwa saruji. Mtambo ukafunguliwa, ukapakiwa kwenye malori, na baada ya wiki mbili Same ikabaki na vumbi lake la siku zote. Vyumba vya Zaituni vilikosa mpangaji hata mmoja, naye akaanza kuvunja sakafu ya kimojawapo akitafuta udongo wa kupandia mchicha.

Eliufoo alirudi Myamba. Mvua zilizokuwa zikiibeba tangawizi yake zilikuwa zimekata, na majani yalianza kujikunja. Mashamba yote mawili yalihitaji miezi miwili tu kufikia mavuno, na humo ndimo alimokuwa ameufukia mshahara wake. Pampu ilibaki kuwa maneno. Basi akaenda kwa Koleta, akamkuta anapembua maharage.

"Shemeji, nimekuja kuomba maji," alisema kwa shida.

"Maji hayaombwi, yana zamu," Koleta alijibu. "Nitakuandika. Kaya ziko thelathini na saba, wewe utakuwa wa thelathini na nane. Kila kaya ina siku yake moja."

"Tangawizi haitafika siku hiyo."

"Najua. Shamba lako naliona kila nikienda langu."

Akamsihi amwachie zamu yake yeye, mara hii moja tu. Koleta aliacha kupembua.

"Zamu yangu ndiyo inayowasomesha watoto wa kaka yako," alisema. "Nikikupa wewe, nitawaambia nini?"

Eliufoo aliaga akaondoka. Alizunguka kwa majirani wengine, na kila mmoja alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamweleza kwamba shamba lake nalo linakauka. Mmoja tu ndiye aliyemuuliza pampu ameiweka wapi.

Mfereji ulipita juu ya shamba lake. Kila asubuhi alisimama pale akitazama maji ya watu wengine yakimpita. Bonge moja la udongo lingeondolewa, yangegeuka na kushuka kwake. Siku ya ishirini alinyanyua jembe, na Dorkasi akaushika mpini.

"Baba Shukrani, ukiiba maji, hata hiyo zamu ya mwisho hatutaipata," alimwambia.

Alilishusha jembe. Tangu hapo kila baragumu lilipolia alikuwa wa kwanza kuingia kwenye tope, na hakuna aliyemsifu kwa hilo, kwa sababu kila mtu alikuwa ndani ya tope hilohilo.

Siku ya thelathini na nane Koleta alifungua mlango wa ndiva, akashuka kufuata maji mpaka kwenye shamba la shemeji yake. Udongo uliyanywa yote, lakini majani hayakuinuka. Dorkasi alichimbua shina moja, akachimbua la pili na la tatu, akayakuta yamesinyaa na kuwa mepesi mkononi. Kwenye kona ya chini tu ndiko yalikobaki mashina mazima, ya kutosha mbegu, si ya kuuza. Eliufoo aliketi ukingoni mwa mfereji na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

"Nilikutukana siku ambayo sikuwa na kiu," alisema.

Koleta alimjibu kwamba hilo limekwisha, kwamba zamu yake nyingine itafika baada ya siku thelathini na nane, na kwamba Jumamosi kuna msaragambo. Kisha akaenda kufunga mlango wa ndiva ili ijae kwa ajili ya wa kesho. Shamba la Eliufoo lilibaki pale, kwa kila apitaye kushuhudia: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.