Mitungi Miwili ya Eda ya Mize

Wewe unayekunja pua, ikunjue. Chuma kinaruka angani na watu tumboni hukuuliza, leo mkondo wa maji ndio unakushinda? Kaa kitako.

Zamani pale penye mkondo palikuwa nchi kavu. Mtu wa Mkokoni alikwenda Kijiweni kwa miguu kuomba kaa la moto, akarudi halijazimika. Bahari zilikuwa mbili, ya mashariki na ya magharibi, wala hazikujuana.

Mize wa Mkokoni aliolewa na Vuai wa Kijiweni, wakajenga katikati, juu ya jiwe. Vuai akafa jua linazama. Mize akakaa eda ndani, miezi minne na siku kumi, akingoja kuogeshwa maji ya bahari ndipo awe huru.

Asubuhi moja mama yake, Bi Tatu, akaleta mtungi wa maji ya mashariki. Hesabu imetimia, alisema, maana Vuai alikufa jua lipo. Mkwewe, Bi Shuwea, naye akaleta wa magharibi, kwa ajili ya kesho. Jua lilikwisha kuzama, alisema, siku nyingine imeingia. Huyu akitoka leo ataanza eda upya.

Mize akachanganyikiwa. Kila siku alikuwa akiweka kokwa moja ya ubuyu katika kata. Akazihesabu, ikapungua moja. Akarudia, ikazidi moja.

"Sema mwenyewe, mwanangu," Bi Tatu akamwambia. "Jua lilikuwepo?"

"Mama, mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Nyinyi mlikuwa uani, wengi, na macho yenu. Jua mnaniuliza mimi?"

Hawakumsikia. Mmoja akainua mtungi amwogeshe, mwenzake akainua wake amzuie, mitungi ikagongana kizingitini ikavunjika. Maji ya pande mbili yakakutana juu ya Mize, yakamrowesha utosi hadi nyayo, wala hayakukoma. Yakachimba nchi. Bi Tatu akajikuta ng'ambo hii, Bi Shuwea ng'ambo ile, bado wanabishana.

Na tangu siku hiyo maji ya mkondo ule hayajui yaende wapi. Asubuhi huku, mchana kule, na katikati yanazunguka kama mtu aliyesahau alichotumwa. Wajane wa pande zote huogea hapo, wala hakuna anayewauliza wamekaa siku ngapi.

Mize hakungoja waafikiane. Alikwisha oga. Akakamua kanga yake, akatoka, akaufunga mlango.