Siku Mamba Alipovuta Mtumbwi

— Haya jamani, nisukume?
— Sukuma!
— Mtumbwi uko wapi?
— Uko majini!
— Nani kakaa mbele?
— Mwenye macho!
— Nani kakaa nyuma?
— Mwenye hofu!
— Basi shikeni kingo, msije mkaniangukia katikati ya hadithi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vyama vyao na sisi hatujawa na hata kimoja, palikuwa na mto uitwao Luhembe. Kando ya mto huo palikuwa na Chama cha Wapiga Kafi.

Chama hiki hakikuvua samaki. Hakikubeba mizigo. Hakikuvusha abiria. Wanachama wake walipanda mtumbwi, wakapiga kafi, wakautazama mto, wakala chakula walichofungasha, wakarudi nyumbani. Basi. Majirani walikuwa wakiwacheka.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea."

"Mnatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu."

"Mnarudi na nini?"

"Na njaa."

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kobe, kwa sababu katika nchi nzima hakuna aliyewahi kumwona akipaparika. Aliyekuwa na nguvu kuliko wote ni Nungunungu. Yeye alikaa nyuma kabisa, maana nani angekubali kukaa na miiba ile usoni? Katikati alikaa Bi Digidigi, miguu mirefu, macho makubwa, roho nyepesi. Alikuwa na mtoto mchanga, na kila safari alimwacha na dada yake pale dikoni, mitumbwi inapoegeshwa.

Na mbele alikaa Sange. Sange mnamjua? Ni kimnyama kidogo, kama panya aliyevutwa pua. Kafi hakuliweza, lilikuwa zito kumshinda. Kazi yake ilikuwa kuteka maji yaliyoingia mtumbwini na kuyamwaga nje kwa kibuyu. Chota, mwaga. Chota, mwaga.

Nungunungu alikuwa haachi kunung'unika. "Huyu Sange anabebwa tu. Kafi hana, jasho hana, pua tu ndiyo anayo!"

Sange alicheka pamoja na wengine. Lakini kicheko hicho kilimchoma, na usiku kilimnyima usingizi. Na kesho yake, chota, mwaga.

Siku moja Mzee Kobe akatoa kichwa, akasema, "Ndugu zangu, maji haya yanakwenda mahali. Twende tukaone yanakwenda wapi."

Wakafungasha mihogo ya kuchoma na karanga. Wakachukua kamba ya katani, ndefu, ya kuburuzia mtumbwi penye mawe. Ndugu na majirani wakawasindikiza mpaka dikoni, wakawaambia, "Mkirudi tutawapokea kwa ngoma!" Wakaondoka.

Piga kafi! Chubwi!
Piga kafi! Chubwi!

Mto uliwabeba kama mama abebavyo mwana. Wakapita kwenye matete. Wakapita kwenye mawe. Wakapita bwawa jeusi lililotulia kimya, wakapita na wao kimya. Mara kingo zikaachana, huu ukaenda huku, na ule ukaenda kule, na mbele yao likatanda Ziwa Chakweli, jeupe, halina ng'ambo.

Mzee Kobe alitoa kichwa chote, akatoa na shingo, akasahau kuirudisha. Bi Digidigi akalia kidogo, hajui analilia nini. Wakala mihogo yao katikati ya maji. Kwa mbali, mchangani, wakamwona mamba mmoja amelala. Wakampita taratibu, wala hakuamka.

Basi hata walipogeuza mtumbwi kurudi, milimani kulikuwa kumeshaingia kiza. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu. Mto ukaja mwekundu, unavuma, umebeba magogo. Gurururu! Gurururu!

Piga kafi! Chubwi! Wakatazama ukingoni, wakaona mkuyu.
Piga kafi! Chubwi! Wakatazama ukingoni, mkuyu ule ule.
Piga kafi! Chubwi! Mkuyu ule ule, na sasa uko mbele yao.

"Tunarudi nyuma," Nungunungu alisema, anahema.

Wakaushika mzizi wa mkuyu ili wasipelekwe. Pale pale, kando ya mzizi, maji yakafanya bloop! Macho mawili yakatokea. Nyuma ya macho, mbali sana nyuma ya macho, ukatokea mkia.

Alikuwa Mamba, mwenye lile bwawa jeusi.

Sange ndiye aliyekumbuka adabu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mnakwenda wapi, wapwa zangu?"

"Tunakwenda nyumbani."

"Mmeshafika," Mamba alisema, akalipiga tumbo lake kwa mkia. "Nyumbani ni hapa."

Akaanza kufungua kinywa. Kwiiiiiii! Kikafunguka polepole, kizito, kama mlango wa ghala la zamani. Kisha akakifunga. Kwap! Kafi la Nungunungu likabaki kijiti.

"Nilikuwa najaribu tu," Mamba alisema. "Nitaanza na mwenye miguu mirefu. Halafu mzee, nitambangua kama korosho. Wewe mwenye miiba utakuwa wa mwisho, nikishatafuta maarifa. Na huyu mwenye pua atanisaidia kuchokoa meno."

Bi Digidigi alikuwa anatetemeka mpaka mtumbwi ukatetemeka naye. Mzee Kobe alikuwa ameingia ndani ya gamba, haonekani.

Sange naye aliogopa. Msije mkadhani hakuogopa. Moyo wake ni mdogo kama punje ya mtama, na punje hiyo ilikuwa inarukaruka kama iko kikaangoni. Lakini macho yake yalikuwa yamekiangalia kile kinywa. Kufunga, kwap! Kufungua, kwiiiiiii. Kwap! Kwiiiiiii. Kisha macho yakaenda kwenye ile kamba.

"Mjomba," Sange alisema, "utatula, sawa. Nani atakukataza? Ila nakuonea huruma."

"Mimi? Unionee huruma mimi?"

"Tumbo kama hilo, na chakula chenyewe ndiyo sisi! Tumelowa, tumechoka, tumekonda kwa kupiga kafi. Wanene hawakuja."

Mamba akafumba jicho moja. "Wanene gani?"

"Ndugu zetu. Wako dikoni wanatungoja na ngoma. Yuko Nguruwe, yuko Ndezi na wanawe, yuko Bata mzinga. Wanakula siku nzima, hawapigi kafi hata kidogo."

Mate yakamtoka Mamba, yakachuruzika mtoni. "Diko liko wapi?"

"Juu huko. Lakini mkondo umetushinda. Laiti tungepata wa kutuvuta! Ukituvuta wewe, watakuja mbio kutupokea, watajipanga wenyewe kando ya maji. Ukienda peke yako, watakimbia."

Bi Digidigi aliinuka. "Sange! Mwanangu yuko dikoni! Unamuuza mwanangu?"

Sange angemjibuje? Masikio ya Mamba yalikuwa juu ya maji. Akasema tu, "Dada, kaa chini, utatupindua." Na jinsi Bi Digidigi alivyomtazama, Sange aliona afadhali angeliwa pale pale.

Mamba hakungoja tena. "Lete kamba niiume!"

"Uiume?" Sange alisema. "Kwa meno hayo, mjomba? Itakatika mara moja. Maji yatatupeleka ziwani, na kule yuko yule mamba mwenzako, tumemwona mchangani. Atatula sisi leo, na kesho ataulizia habari za wanene."

"Yule mvivu? Hatapata hata mfupa!"

"Basi tuizungushe mdomoni, juu ya meno, kama hatamu. Hapo haikatiki."

"Zungusha! Upesi!"

Sange akakimbia juu ya pua ya Mamba, miguu yake midogo ti, ti, ti. Akazungusha kamba. Akazungusha tena. Akazungusha tena na tena, akapiga fundo, akalikaza kwa meno na kwa makucha. Katani ikishalowa hujikaza yenyewe. Ncha ya pili akaifunga mbele ya mtumbwi.

"Vuta, mjomba!" Swaa!
"Vuta, mjomba!" Swaa!

Lo! Mkuyu ukabaki nyuma. Mawe yakabaki nyuma. Mto ulikuja na magogo, Mamba akayapangua kwa kifua. Mtumbwi ulipanda maji kama unashuka.

Lakini ndani ya mtumbwi hakuna aliyefurahi. Mzee Kobe alisema toka ndani ya gamba, "Sange, mimi ni mzee, nimekula chumvi nyingi. Lakini wale watoto?" Nungunungu alimgeuzia mgongo. Miiba yake yote ilikuwa imesimama, na yote ilikuwa inamwelekea Sange.

Sange alikuwa anachota maji na kumwaga. Chota, mwaga. Hofu yake ilikuwa moja tu. Mamba akijaribu kufungua kinywa kabla hawajafika, atajua. Na akijua wakiwa katikati ya mto, mkia ule utawavunja vipande vipande.

Walipofika kwenye matete, Mamba akasimama. Akageuza kichwa. Akamtazama Bi Digidigi, akamtazama tena. Njaa ilikuwa imemzidi. Kamba ikafanya kwi...

"Usifungue, mjomba!" Sange alipiga kelele mpaka sauti ikampasuka. "Ukifungua hatamu itateleza, mtumbwi utakwenda na maji, karamu nayo itakwenda! Sikiliza! Husikii?"

Mamba akasikiliza. Kwa mbali kulikuwa na mlio. Dundu, dundu, dundu. Ngoma ya dikoni.

"Huyo anayepiga ni Nguruwe," Sange alisema polepole. "Mikono ile minene, mjomba. Usikie inavyotingishika."

"Mmmm," Mamba alisema, akageuka, akavuta kuliko mwanzo. Swaa! Swaa! Swaa!

Dikoni watu walikuwa wamejaa. Walipouona mtumbwi unakuja bila kafi walishangilia. Walipoona kinachouvuta waliacha kushangilia. Mtumbwi ukagonga mchanga. Mamba akapanda ukingoni, akasimama mbele ya wanene wote, akajiandaa, akafungua kinywa.

Hakikufunguka.

"Mmm!" Akajaribu tena. "Mmmmm!"

"Karibu chakula, mjomba," Sange alisema. "Mbona huli?"

"Mmmmmm! Mmmmmm!"

"Shukeni!" Sange akawaambia wenzake. "Bado ana mkia. Shukeni, kimbieni juu!"

Bi Digidigi aliruka toka mtumbwini, hakugusa mchanga mpaka alipofika kwa mwanawe. Mzee Kobe alishuka mbio. Ndiyo, mbio, hata mimi niliyesikia sikuamini. Mamba akazungusha mkia, pwaa! ngoma ikapasuka. Pwaa! Ua wa nyumba ya dada yake Bi Digidigi ukalala chini. Lakini mkia haumli mtu, na wote walikuwa wameshapanda juu. Akageuka kurudi mtoni, na mtumbwi wa chama ukaanza kumfuata.

"Mtumbwi wetu!" Sange alilia, akaikamata kamba kwa mikono yake miwili, akaburutwa.

Hapo ndipo Nungunungu aliposhuka mbio toka juu, miiba inalia shwashwashwa. Akaipata kamba, akaitia meno. Kram, kram, kram, tap! Ikakatika karibu na mtumbwi. Mamba akaenda na mafuriko, kinywa kimefungwa, mpaka ziwani, na wanasema yule mvivu wa mchangani alimcheka tangu jua linachomoza mpaka linazama. Baadaye kamba ilioza, ikadondoka yenyewe. Lakini tangu siku ile mamba haamini. Mpaka leo hulala juani kinywa wazi. Anahakikisha.

Sange alikuwa ameketi mchangani, pua imejaa matope. Bi Digidigi akaja, mtoto begani, akapiga magoti mbele yake.

"Nilikutazama vibaya," akasema.

"Ulitazama kama mama."

"Kwa nini hukutukonyeza hata kidogo?"

"Dada, mngefurahi. Na nyinyi mkifurahi hamjui kuficha."

Bi Digidigi akacheka, akalia, akacheka tena, akampa Sange mtoto ampakate. Mtoto alikuwa mkubwa kuliko Sange, ikawa kama Sange ndiye aliyepakatwa. Alikuwa na joto. Ananuka maziwa. Sange akahisi ile punje ya mtama kifuani mwake inatulia, inatulia, mpaka ikatulia kabisa. Akalala pale pale, kelele zote zile.

Nungunungu alikiokota kibuyu mtumbwini. Maji yalikuwa yamejaa. Akainama, akachota, akamwaga. Akachota, akamwaga. Mzee Kobe akamwuliza, "Unafanya nini, kijana?"

"Nyamaza, mzee," Nungunungu alisema. "Utamwamsha."

Haya jamani, mtumbwi wangu umegonga ufuko. Uliyelowa, jianike. Uliyelala, tutakushusha kesho. Na mafunzo ya hadithi hii, yashikeni vizuri: afikaye nyumbani ni yule apigaye kafi kwa jasho lake mwenyewe, maneno hayavuti mtumbwi, kamwulizeni Mamba. Na mjomba akija na njaa, jamani, msimfunge mdomo. Si adabu.