Mkia wa Bi Somoe

Hapo zamani za kale, hata bibi yake bibi yangu hajaota jino, kulikuwa na nchi yenye mto chini na jabali juu. Mtoni waliishi wakubwa: Nyati, Fisi, Kiboko na jamaa zao. Jabalini waliishi pimbi, wale wanyama wadogo wa manyoya ya kahawia wanaolala kwenye mapango. Katikati palikuwa na nyika ya miiba na nyasi ndefu. Mdogo akiivuka na mgonjwa mgongoni, mara nyingi alifika amebeba maiti.

Msinitazame hivyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Mganga alikuwa mmoja tu, Mzee Kobe, naye alikaa mtoni. Dawa yake ya homa ilikuwa haina mfano. Lakini kobe ni kobe! Angeanza safari ya jabalini watu wakipanda mahindi, angefika wakivuna. Basi kila mvua zilipoingia na homa zake, alijaza dawa kwenye kibuyu, akaitia asali ili watoto wasiiteme, akawakabidhi Nyati na Fisi waipeleke.

Walikuwa wanaipeleka? Hapo ndipo penye maneno.

Jabalini palikuwa na mama mmoja, Bi Somoe, pimbi mwembamba mwenye macho yasiyotulia. Mvua za mwaka ule mwanawe wa mwisho, Tatu, alishikwa na homa. Mwili moto, meno yanagongana ka-ka-ka-ka! Somoe alimnywesha dawa asubuhi, akamnywesha jioni. Wapi! Homa ilizidi kupanda.

"Mama," Tatu alinong'ona, "mbona dawa yenyewe kama maji?"

Somoe akaonja. Akamwaga tone juu ya jiwe, akachuchumaa akilitazama. Mnawajua sisimizi, hata ukitema kapi la muwa wameshafika. Sisimizi wa kwanza akaja, akagusa lile tone, akaenda zake. Wa pili akaja, naye akageuza.

"Ahaa!" Somoe akasema. "Na asali imekwenda wapi?"

Shemeji yake, Madi, alikuwa amekaa mlangoni mwa pango. Akatikisa kichwa. "Usianze, shemeji. Mwaka jana mimi nilikwenda kulalamika barazani kwa wakubwa. Unajua walinijibu nini? 'Nyati mzima aseme uongo, pimbi ndiye aseme kweli?' Wakacheka mpaka wakashika mbavu."

"Basi mimi sitalalamika."

"Utafanya nini?"

"Sijui bado. Kaa na Tatu. Akishindwa kunywa, mloweshe midomo."

Akashuka. Moyo ulikuwa unampiga pu! pu! pu! Si kwa kuwaogopa wakubwa, hapana. Aliogopa kurudi akute mtoto amenyamaza.

Alipokaribia mto akasikia kicheko nyuma ya kichuguu. Akajibanza kwenye nyasi, akachungulia kwa jicho moja. Nyati amelala ubavu. Fisi ameinua kibuyu kipya cha dawa, kile cha katikati ya mvua, na koo lake linacheza: gugu, gugu, gugu!

"Niachie na mimi, bwana!" Nyati akanguruma. "Jana umelamba wewe."

"Chukua, chukua. Mzee Kobe ana mkono wa asali, Mungu ampe umri!"

Nyati akamaliza. Kisha kibuyu kikazamishwa mtoni, chubwi! Kikatoka kimejaa maji, kikafungwa kifuniko chake vizuri kabisa.

Somoe aliona yote. Alitaka kupiga kelele, wezi! wezi! Lakini nani angemsikiliza? Akajizuia. Akawatazama vizuri wale mabwana, na kadiri alivyowatazama ndivyo alivyozidi kujiuliza: hawa wamewahi kutuona sisi?

Maana desturi ya nchi ile, anayepeleka dawa hupiga hodi, akaingia, akamwona mgonjwa kwa macho yake. Nyati na Fisi hawakuwahi kupiga hodi hata siku moja. Waliishia chini ya jabali, wakatupa kibuyu, wakapiga ukelele, "Dawa yenu hiyo!" Halafu wakageuza. Wao, pimbi waliyemjua ni pua tu inayochungulia majanini.

Somoe akatabasamu. Akajipaka vumbi kichwani, akaruka mpaka mbele yao.

"Uwiii! Uwiii jamani! Mkia wangu!"

Fisi akaruka juu, kibuyu kikamponyoka. "Nani huyo? Una nini?"

"Mimi Somoe wa jabalini. Nimekwisha, Bwana Fisi! Nilikuwa na mkia mzuri, mrefu, wa manyoya. Tazama!" Akageuka, akawaonyesha nyuma. Palikuwa patupu, laini kama kiazi.

"Lo!" Nyati akatoa macho. "Umekatwa na nani?"

"Na ulafi wangu. Nilikuwa mzima, siumwi popote, nikatamani dawa ya homa kwa ajili ya asali yake. Nikalamba kidogo. Dawa ile haina ugomvi na mgonjwa, ila mzima akiigusa, weee! Mkia unaanza kuwasha. Unawasha, unawasha, halafu asubuhi moja unaamka, pukutu! Uko chini."

Inzi wakazunguka mdomo wa Fisi, maana ulikuwa bado unanata.

"Unawasha vipi?" Fisi akauliza polepole. "Nauliza tu."

"Unaanzia kwenye shina. Ukiufikiria ndiyo unazidi."

Fisi akajisugua kwenye kichuguu. Nyati akautazama mkia wake, na mkia wa nyati siku zote unafukuza inzi. Lakini siku ile aliuona kwa jicho jingine.

"Fisi! Fisi, wangu unacheza wenyewe!"

"Nyamaza!" Fisi akamkanyaga mguu. Akamgeukia Somoe, amekunja uso. "Hebu subiri, mama. Mbona nina wasiwasi na wewe? Nina... nina shangazi yangu alionja dawa hiyo tangu mvua za mwaka jana. Mkia anao mpaka leo."

Somoe akahisi jasho kwenye nyayo. Akajishika kiuno.

"Shangazi yako ni mkubwa kama mimi?"

"Ni mkubwa kushinda wewe."

"Basi! Mti mdogo ukikatwa leo huanguka leo. Mti mkubwa huchelewa kidogo, lakini ukianguka nchi nzima husikia. Mpe pole shangazi. Mimi kwaheri."

"Wapi kwaheri!" Nyati akamzibia njia. "Dawa ya hiyo dawa iko wapi?"

"Iko kwetu. Ni majani yanayoota kwenye nyufa za mawe, sharti yachumwe na mganga mwenyewe, na yatafunwe palepale. Lakini mganga ndiye Mzee Kobe. Mpaka afike jabalini na mkoba wake wote wa mizizi na mtungi wa asali, nani atakuwa na mkia hapa duniani?"

Hakumaliza. Nyati alikwisha timua mbio kuelekea kwa Kobe, ngu! ngu! ngu! Fisi nyuma yake, na Somoe nyuma ya Fisi, roho mkononi. Kobe alikuwa hajui lolote. Neno lake moja tu lingeweza kuvuruga kila kitu.

"Shikamoo, Mzee Kobe!" Nyati akahema.

"Marahaba. Kuna moto?"

"Mzee, hivi mzima akinywa dawa ya mgonjwa, anadhurika?"

Kobe akatoa shingo taratibu. Akamtazama Nyati, akamtazama Fisi na inzi wake. Mwisho akamwona yule pimbi amesimama kando, ana vumbi kichwani na machozi ambayo hayakuwa ya kuigiza. Mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa akiambiwa kwamba jabalini wote wamepona, na kwa miaka mingi habari hiyo haikumkaa vizuri.

"Mzima anayekunywa dawa ya mgonjwa," Kobe akasema, "sijaona aliyesalimika."

"Panda! Panda mgongoni, mzee!"

Basi wakaondoka. Kobe juu ya Nyati, mkoba na mtungi wa asali vimefungwa pembeni, Somoe ameshikilia pembe. Miiba ilivunjika, kacha! kacha! Nyasi zililala kulia na kushoto. Fisi alikuja mbio nyuma, mkono mmoja ameshika mkia usije ukamdondoka njiani.

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Kwa mara ya kwanza tangu nchi iumbwe, mkubwa alipanda jabali la pimbi.

"Mgonjwa yuko wapi?" Kobe akauliza, hakuuliza habari ya majani.

Wakaingia pangoni. Tatu alikuwa amelala, macho nusu, lakini kifua kinapanda na kushuka. Somoe akakaa chini kando yake. Kobe akaponda mizizi, akakoroga asali, akamtia mtoto mdomoni kidogo kidogo. Wagonjwa wengine wakaanza kujitokeza, wengine wamebebwa, wengine wanajikokota.

Nyati na Fisi walisimama nje wakisubiri majani yao. Fisi akatazama huku, akatazama kule. Pimbi mzee, hana mkia. Pimbi kijana, hana mkia. Pimbi wa kunyonya mgongoni kwa mama yake, naye hana.

"We mama!" Fisi akafoka. "Mbona wote hawana mikia? Hata huyu mchanga alilamba dawa?"

Somoe akatoka pangoni.

"Huyu hajaonja hata tone," akasema. "Hakuna aliyeonja hapa. Mlikunywa ninyi, sisi tukazika."

Akamsogelea Fisi.

"Pimbi hana mkia, Bwana Fisi. Hajawahi kuwa nao. Mngepanda hapa hata siku moja mkapiga hodi, mngelijua hilo, na mimi nisingeweza kuwadanganya."

Nyati akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa jiwe. Aliwaza ukelele wake wa kila mwaka, "Dawa yenu hiyo!", akaona haya. Fisi yeye hakuona haya, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Mzee Kobe," Fisi akasema, "kwa hiyo mikia yetu haina neno?"

Kobe hakuinua hata uso. "Nitaitazama kila mwezi ukiandama. Hapahapa jabalini. Nyati atanibeba, wewe utachukua mkoba na mtungi. Asali ikipungua, nitajua mkia gani una ugonjwa."

Jioni ile Tatu aliomba uji. Madi alikimbia kuupika, akamwaga nusu kwa furaha.

Na ile nyika je? Pale Nyati alipopita miiba haikuota tena, pakawa njia pana hata mama mwenye mtoto mgongoni aliweza kuipita. Kila mwezi ulipoandama pimbi walitega masikio, na kutoka chini ya jabali sauti nzito ikaja, ya aibu kidogo:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Wanangu, hali ya mgonjwa haijuliwi kwa kuletewa habari zake, hujuliwa kwa kumfikia alipolala.